SOMO: KUANDIKA ALAMA ZETU KWA KWELI



Wakati wa likizo iliyopita, kijana mmoja wa parishi yetu anayesoma sheria chuo kikuu, mwaka wa nne, alifika nyumbani kwangu jioni. Akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikamwitikia, akaketi. Tulipokwisha kunywa chai alitoa karatasi mbili mkobani, akaniomba nimsahihishie. Ya kwanza ilikuwa maelezo binafsi ya kuombea kazi, yaani ile karatasi ambayo vijana huiita sivii. Ya pili ilikuwa hati ya matokeo yake kutoka chuoni.

Nikaziweka sambamba juu ya meza, kama nilivyozoea miaka mingi kulinganisha karatasi za mtihani na orodha ya alama. Katika hati ya chuo, wastani wake ulikuwa 3.4. Katika sivii ulikuwa 3.5. Chini yake alikuwa ameandika kwamba yeye ni miongoni mwa wanafunzi kumi bora wa darasa lake.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hii 3.5 umeitoa wapi?"

Akajibu, "Mwalimu, nilipiga hesabu mwenyewe nikapata 3.46. Nikaikuza. Huo si uongo, ni hisabati."

"Na hao kumi bora, aliyewahesabu ni nani?"

Akainama kidogo, akacheka. "Tulihesabiana wenyewe bwenini, Mwalimu."

Kijana huyu si mwongo. Nimemfahamu tangu akiwa Shule ya Jumapili. Ni kijana mwenye hofu. Baba yake ameuza ng'ombe na magunia ya vitunguu swaumu ili yeye asome, na nyumbani wadogo zake wanamsubiri. Amesikia kwamba ofisi za mawakili Dar es Salaam na Arusha hupokea barua nyingi kuliko nafasi walizo nazo. Basi akaona sehemu moja ya kumi haitamdhuru mtu. Siku ile sikumjibu vema. Nilikaa nikafikiri, na haya yafuatayo ndiyo jibu langu. Ameniruhusu niyaandike hapa bila kumtaja jina, maana tunao vijana wengine walio katika njia hiyo hiyo, na wazazi wao ndio wasomaji wa jarida hili.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Mtu aweza kusema, "Mambo ya sivii ni ya watu wa mjini, sisi wakulima na wafugaji yatuhusu nini?" Nitamkumbusha habari ya Mulbadaw, wilayani Hanang. Wazee wanaikumbuka. Shirika la umma la NAFCO lilipofungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda zetu, wanakijiji wa Mulbadaw walidai kwamba ardhi yao imechukuliwa, wakaenda Mahakama Kuu. Huko walishinda. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi ule. Ilisema, miongoni mwa mengine, kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa kufuata sheria.

Jambo hilo latufundisha kwamba mbele ya sheria haitoshi kusema. Neno lapimwa kwa ushahidi, na ushahidi ukipungua, hata mwenye haki huweza kutoka mikono mitupu. Sasa fikiri: siku watu wetu watakapohitaji tena mtu wa kuwasemea mahakamani, watamtaka wa namna gani? Watamtaka mtu ambaye hakimu akimsikia anasema, "Mheshimiwa, hati hii ni ya kweli," humwamini. Wakili hana jembe wala ng'ombe wa kukamua. Mali yake ni kuaminiwa. Na sivii ni ushahidi wa kwanza ambao mwanafunzi wa sheria huutoa juu ya jambo analolifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, yaani yeye mwenyewe. Akipinda hapo, atanyooka wapi?

2. ALAMA ZETU ZASEMA NINI

Wazazi wengi huchanganyikiwa na alama za watoto wao, na mara nyingine uongo huingia kwa sababu nyumbani hakuna anayeelewa. Nitaeleza kwa kifupi.

Katika kidato cha nne, Baraza la Mitihani hutumia pointi, na pointi chache ndizo bora. Alama A ni pointi 1, F ni pointi 5, na huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Waliofanya mtihani huo mwaka 2014 walipewa matokeo kwa utaratibu mwingine wa wastani, kisha madaraja yakarudishwa. Mwenye cheti cha mwaka huo aandike kama cheti kilivyoandika, asijigeuzie daraja mwenyewe.

Chuo kikuu mambo hugeuka, namba kubwa ndiyo bora. Katika vyuo vyetu vingi A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila somo lina uzito wake. Alama huzidishwa kwa uzito wa somo, zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito. Hiyo ndiyo GPA. Tuchukue mfano. Mwanafunzi amepata B+ katika somo lenye uzito 3, C katika somo lenye uzito 2, na A katika somo lenye uzito 1. Hesabu yake ni 12 na 4 na 5, jumla 21. Gawanya kwa 6, utapata 3.5. Lakini kama angesahau uzito akagawanya alama zake tatu kwa tatu tu, yaani 11 kwa 3, angepata zaidi ya 3.6. Ndiyo maana hesabu ya bwenini si ya kutegemea.

Sasa tazama mipaka. Wastani wa 4.4 hadi 5.0 ni Daraja la Kwanza. Wa 3.5 hadi 4.3 ni Daraja la Pili, ngazi ya juu. Wa 2.7 hadi 3.4 ni Daraja la Pili, ngazi ya chini. Wa 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu. Kijana wetu aliposema amekuza sehemu moja ya kumi, kumbe alikuwa ameruka ukuta akatua daraja lisilo lake. Na kanuni ya chuo chake yasema kwamba desimali ya pili hukatwa, haikuzwi. Chuo kilikuwa kimekwisha kuamua. Yeye alijifanya msajili wa chuo bila kuteuliwa na mtu.

Baada ya shahada, anayetaka kuwa wakili huenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha mwaka 2008. Huko nako kuna mitihani, tena migumu. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya kundi moja la wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioondolewa walikuwa 265. Waziri aliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Nawataja hawa ili tujue kwamba kurudia mtihani si jambo la mtu mmoja mpumbavu. Ni jambo lililowapata mamia ya vijana wenye shahada zao. Kwa hiyo hakuna haja ya kulificha kwa uongo.

3. MAHALI TUNAPOTELEZA

Nimechunguza, nikaona kwamba wanafunzi wengi hawaandiki uongo mkubwa. Huteleza mahali padogo padogo, hasa pane.

Kwanza, kukuza. Hili tumekwisha kulisema. Hati ikisema 3.4, andika 3.4. Ukiona chuo kimekosea hesabu, nenda kwa msajili ukalalamike kwa utaratibu, usisahihishe kwenye sivii.

Pili, kuficha kipimo. Mtu huandika "GPA 3.4" bila kusema ni kati ya ngapi. Hapa kwetu kipimo cha juu ni 5.0, lakini Marekani na kwingineko kipimo cha juu ni 4.0. Msomaji wa ng'ambo akiona 3.4 tupu, atadhani mwombaji alikaribia kilele. Namba ni ya kweli lakini msomaji amedanganyika, na mwandishi alijua. Namna nyingine ni kuchagua masomo yaliyokwenda vizuri, kuyapigia wastani wake, kisha kuuandika kama ndio wastani wa shahada nzima. Ni kama yule anayepanga vitunguu swaumu vikubwa juu ya gunia na vidogo chini. Mnunuzi wa Mbulu amekwisha kujua, huingiza mkono mpaka katikati. Mwajiri naye huingiza mkono: huomba hati ya matokeo.

Tatu, nafasi darasani. Hapa ndipo nilipotaka kufika hasa. Katika shule zetu za msingi tulizoea kuandika katika ripoti ya mtoto, "Nafasi ya 4 kati ya 62." Tulipoandika hivyo tulikuwa na orodha, na mwalimu mkuu alitia sahihi. Vyuo vikuu vyetu kwa kawaida havimpi mwanafunzi nafasi. Humpa alama, daraja, na pengine zawadi kwa aliyefanya vizuri katika somo fulani. Marekani ziko shule za sheria zinazopanga wanafunzi kwa nafasi na kuwapa kwa maandishi, na waajiri wa kule huiuliza sana. Vijana wetu wakiona mifano ya sivii za kule huiga, lakini wao hawakupewa nafasi na mtu. Wanaitunga.

Tena nafasi bila idadi haina maana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilianza na sheria tu, na wanafunzi hawakuzidi 15. Kuwa wa kumi katika darasa lile ni jambo moja. Kuwa wa kumi katika darasa la leo lenye mamia ni jambo lingine kabisa. Na jambo la kukumbuka ni hili, kwamba Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, liliacha ile desturi ya kutangaza wanafunzi bora na shule bora za kitaifa. Ikiwa Baraza lenye alama za nchi nzima mkononi limenyamaza, mwanafunzi asiye na orodha yoyote aseme kwa nguvu gani?

Nne, kujiita jina ambalo hujalifikia. Aliyemaliza masomo darasani lakini ana mitihani ya kurudia, bado hajahitimu. Aliyehitimu shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini si wakili. Wakili ni yule aliyekwisha kukubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake likaandikwa katika daftari la mawakili. Kujifanya wakili kabla ya hapo ni kosa mbele ya sheria, wala si majigambo tu.

4. KUNYAMAZA NA KUDANGANYA SI JAMBO MOJA

Kijana akaniuliza swali zuri. "Mwalimu, kwani nalazimika kuandika kila kitu? Nikiwa na alama mbaya, niianike barabarani?"

Nikamwambia asome Matendo ya Mitume, sura ya 5, habari ya Anania na Safira. Wengi wetu tunadhani kosa lao lilikuwa kuzuia sehemu ya fedha. Soma tena. Petro alimwonyesha Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuza, fedha zilikuwa katika mamlaka yake. Hakulazimishwa kutoa zote. Kosa lake lilikuwa kuleta sehemu na kuionyesha kama ndiyo yote.

Basi, kwa kijana wa sheria, kanuni ni hiyo hiyo. Hulazimiki kuandika wastani wako kwenye sivii kama tangazo la kazi halikuuliza. Waweza kuandika jina la shahada, chuo, na mwaka, ukaishia hapo. Hakuna aliyedanganyika. Lakini ukiulizwa, jibu kama ilivyo. Na kama fomu yasema taja vyuo vyote ulivyosoma, usikiruke kile ulichoondolewa ukasogeza miaka ili pengo lisionekane. Hapo umetoka katika kunyamaza, umeingia katika udanganyifu.

Ziko pia alama mbaya zenye sababu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mwanafunzi aliyezika ndugu zake mwezi ule, kisha akarudi chuoni kufanya mitihani, tutashangaa akianguka masomo mawili? Yeye ana haki kamili ya kueleza hivyo katika barua yake ya maombi, kwa maneno matatu au manne, na mwajiri mwenye moyo ataelewa. Vile vile aliyeanza vibaya akamaliza vizuri aweza kuonyesha wastani wa kila mwaka mmoja mmoja, ili kupanda kwake kuonekane. Hayo yote ni kusema kweli kwa ukamilifu zaidi. Lakini sababu, hata iwe ya kuliza, haiigeuzi C kuwa B.

5. MWISHO WA UONGO

Mwaka 2017 Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma kwa kuvilinganisha na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa iliyoonyesha watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wapo waliokuwa wametumika miaka mingi, wenye watoto shuleni na mikopo benki. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliwaonea huruma, ikaamua warudishiwe michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Lakini kazi hazikurudi. Jirani zetu wa Kenya nao mwaka 2024 walitangaza kugundua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 katika utumishi wao.

Mtu atasema, "Hao walighushi vyeti, mimi nimeongeza namba tu." Ni kweli, si kitu kimoja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 333, yaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kifungu cha 342 chamshika hata anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo. Sivii yenye namba iliyokuzwa huenda isikufikishe huko. Lakini matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huonya kwamba atakayewasilisha taarifa au sifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na tena hayakubali karatasi za muda za matokeo, hutaka vyeti vyenyewe. Na kwa mwanasheria jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kabla ya kukubaliwa kuwa wakili mwenendo wake hutazamwa. Uongo wa miaka ya nyuma haufi. Hulala ndani ya faili, na faili za siku hizi zafunguliwa kwa kidole kimoja.

6. SISI WAZAZI NA WALIMU

Sasa niseme na wenzangu watu wazima, nami nikiwa wa kwanza.

Vijana hawa walijifunza wapi kukuza? Walitusikia. Mtoto akipata nafasi ya saba, baba husema mnadani kwamba alikuwa katika watano wa kwanza. Tukichangisha ada kanisani husimama mtu akasema mtoto huyu ndiye anayeongoza chuo kizima, na watu hushangilia, na mtoto yuko pale amekaa anasikia. Siku ile tunamfunga mzigo. Atarudi vipi mwaka ujao na alama zake halisi?

Nami nina langu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Mwanachuo wangu mmoja, binti mwenye bidii na adabu, aliomba nafasi ya kazi mahali fulani, akaniomba niwe mdhamini. Nilimpenda kama mwanangu. Katika barua nikaandika kwamba alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza darasani. Kwa kweli alikuwa wa 11 kati ya 38. Nikaifunga bahasha, naye hakuisoma. Wale watu waliomba pia orodha ya alama kutoka chuoni, wakaona havilingani. Wakamwita wakamwuliza ni nani aliyedanganya, yeye au mwalimu wake. Hakuwa na la kujibu, kwa kuwa hakujua nilichoandika. Hakupata kazi ile.

Alikuja kwangu. Nilijiandaa kwa lawama, lakini hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani nafasi ya 11 ilikuwa mbaya?"

Nimelibeba swali hilo mpaka leo. Mimi, niliyedhani namsaidia, nilikuwa nimemwambia kwa vitendo kwamba kazi yake ya kweli haitoshi. Kwa hiyo wote mnaoandikwa kuwa wadhamini katika sivii za vijana, yaani makasisi, wazee wa kanisa, walimu, msikubali kuandika nafasi au alama msizoziona katika hati. Andikeni mnayoyajua: kwamba anafika kwa wakati, kwamba alikabidhiwa fedha za vijana na hesabu ikatimia, kwamba aliwaandikia wazee barua za malalamiko ya mipaka ya mashamba bila kudai malipo. Mwajiri hatayapata hayo katika hati yoyote ya chuo.

7. JINSI YA KUANDIKA

Baada ya haya yote, tulikaa tena mezani na kijana wetu tukaandika upya. Maelezo ya kuombea kazi ya sheria mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini kanuni ni zile zile. Kwa faida ya wengine naweka hapa:

(a) Shahada na wastani: "Shahada ya Sheria, mwaka wa nne. Wastani hadi mwisho wa mwaka wa tatu: 3.4 kati ya 5.0." Hapa msomaji anaona kipimo, na anaona kwamba shahada haijakamilika.

(b) Wastani wa sehemu: kama wataka kuonyesha masomo yako mazuri, yataje kwa majina na alama zake, kwa mfano, "Sheria ya Ardhi: A. Sheria ya Mikataba: B+." Ukiandika wastani wa masomo machache, uite kwa jina lake, na wastani wa jumla uwe kando yake.

(c) Nafasi: iandike tu kama chuo kimekupa kwa maandishi, pamoja na idadi ya wanafunzi na mwaka. Kama huna karatasi, iache. Kama ulipata zawadi, taja jina la zawadi, somo, na mwaka.

(d) Shule ya Sheria: "Nimemaliza mafunzo ya darasani, nasubiri mitihani ya marudio katika masomo mawili." Sentensi hii haina aibu.

(e) Kabla ya kutuma, weka sivii na hati ya matokeo sambamba, upitie namba moja moja kwa kidole. Kisha mpe mtu mwingine afanye vivyo hivyo.

Tulipomaliza, karatasi yake ilionekana nyembamba kuliko ile ya kwanza. Maneno "kumi bora" yalikuwa yametoka. Lakini kulikuwa na jambo jipya ambalo mwanzo hakuliandika kwa kuliona dogo: kwamba wakati wa likizo mbili alijitolea katika ofisi ya kijiji, akisaidia kunakili mihtasari ya baraza la ardhi. Nikamwuliza kwa nini aliliacha. Akasema hakudhani kama watu wa mjini wangelithamini.

Ameituma. Hadi naandika haya bado hajajibiwa, wala sijui kama atapata nafasi. Huenda mwingine aliyekuza namba atamtangulia. Sitamdanganya msomaji kwamba kweli hulipa papo hapo. Ninachojua ni kwamba siku atakapoitwa, mtu akimwekea hati yake mezani kando ya sivii yake, ataweza kumtazama usoni. Tumwombee, yeye na wenzake wote walio vyuoni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Soma Matendo 5:1–11. Je, kosa la Anania lilikuwa nini hasa? Toa mfano wa kosa kama hilo katika biashara ya mnadani, katika michango ya kanisa, na katika maombi ya kazi.

2. Mwanafunzi ana wastani wa 2.6, na tangazo la kazi lataka 2.7. Afanye nini? Asifanye nini?

3. Wazazi: mara ya mwisho mlipomsifu mtoto wenu mbele za watu, je, mlisema kama ilivyo? Mtoto alikuwa akisikia?

4. Wazee na walimu: kijana akikuomba umdhamini na hujui alama zake, utaandika nini juu yake ambacho umekiona kwa macho yako?

5. Vijana: chukueni sivii zenu na vyeti vyenu, mbadilishane wawili wawili, mkague. Mkikuta kosa, lisahihisheni siku hiyo hiyo.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu